Kila usiku anahesabu viatu kwenye mlango

YAYA (dada mkubwa) ANAJIBU: maswali ya wasomaji

Wiki hii barua ni tatu tu. Ya kwanza ni ndefu, nimeikata kidogo na nimetoa majina na avenyu. Ya pili ilikuja kwa odio ya dakika saba, nusu yake ni upepo na watu wanapiga kelele nyuma, nimeiandika vile mwenyewe alivyosema, sikuinyoosha. Ya tatu iko na mistari minne na ndiyo iliyonikosesha usingizi zaidi.

*

Jambo yaya. Niko na miaka 20, mi njo wa kwanza, tuko wanne, tunakaa Ndosho, hapa Goma. Mama alikufa akizaa huyu wa mwisho, miaka sita sasa. Papa alikuwa motari (wa pikipiki), alitulea peke yake. Alikufa mwezi wa kwanza 2025, zile siku za masasi, maji na umeme vilikuwa vimekatika, akatoka kutafuta maji na risasi ikamkuta kwenye njia na bido ya maji mkononi. Tulimzika haraka haraka, kilio ya kweli hatukufanya.

Tangu pale mi njo mama mi njo papa. Nilikuwa nimepata diplome yangu na 61%, nilitaka kusoma sheria. Sasa nauzisha mandazi asubuhi na makala (makaa) jioni. Anayenifuata ako na miaka 16, anasoma, huyu hana shida, anasaidia. Wa tatu, kijana wa miaka 11, aliacha masomo. Anashinda Kituku, kule kwenye ziwa, anabebea wamama samaki sambaza na bido za maji, jioni anarudi na faranga 2000, siku ingine 3000, anaziweka kwenye meza bila kusema kitu halafu anaenda kulala. Ukimwambia masomo anakuangalia tu. Na huyu mdogo wa miaka 6 alirudia kukojoa kwenye kitanda, na kila usiku mbele ya kulala anaenda kwenye mlango anahesabu viatu. Akikuta jozi nne anakuja kulala. Moja ikikosa analia mpaka mwenye viatu aingie.

Sasa baba mkubwa alikuja na mashangazi wawili. Wanasema mi ni msichana, nitaolewa, siwezi kulea. Wanataka wa miaka 16 aende Butembo, wa 11 aende kijijini Masisi, mdogo aende Bukavu kwa shangazi, na parseli (kiwanja na nyumba yetu) iuzwe ili “watoto wasome”. Na shangazi mmoja alisema mbele ya watu wote kama huyu wa miaka 11 ako na kitu ndani yake, juu siku ile yeye njo alilia kiu, njo maana papa akatoka. Mtoto alisikia. Tangu ile siku haongei na mtu.

Yaya, niwaachie? Na kitu ingine, usiniandike vibaya: kuna siku nachoka mpaka najisikia nawachukia wote watatu. Niko mbaya?
— Wa kwanza, Ndosho

Mdogo wangu, nianze na hiyo ya mwisho uliyoiandika kama mtu anayeficha deni. Hauko mbaya. Umechoka. Mtu wa miaka 20 anayeamka saa tisa ya usiku kukanda unga, akarudi kuuzisha makala mpaka giza, na katikati ya hapo akasuluhisha vita vya watoto watatu, huyo akisema hajawahi kuwachukia ata siku moja mi sitamwamini. Wapenda methali wanatupigiaga ile ya “mtoto umleavyo ndivyo akuavyo”, sawa, lakini mbona hakuna methali ya nani analea mlezi? Nitarudi kwako, usifikiri nimekuruka.

Kwanza huyu kijana. Nilisoma barua yako mara tatu na kila mara macho yangu yanabaki pale kwenye zile faranga 2000 juu ya meza. Wewe unaona mtoto aliyeacha masomo. Mi naona mtoto anayelipa. Analipa deni ya maji. Yule shangazi hakumfundisha kitu kipya, alisema tu kwa sauti kile ambacho mtoto alikuwa anajiambia mwenyewe kila usiku tangu mwezi wa kwanza: nililia kiu, papa akatoka, papa akafa. Watoto wanafikiriaga hivi, ata wale ambao hakuna mtu amewashitaki, ata mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kuamini dunia inazunguka kwa sababu ya kile alichofanya yeye. Sasa mtu mzima akija kumhakikishia mbele ya jamaa nzima, unategemea aseme nini tena? Ananyamaza.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, mbele ya masomo, mbele ya parseli, ni kumwambia yale maneno kwa mdomo wako. Usimkalishe kama kwenye tribunali. Tembea naye, kijana anaongea vizuri akiwa anatembea kuliko akikuangalia usoni, shukeni pamoja asubuhi moja mpaka Kituku, na kwenye njia umwambie: siku ile Goma muzima ilikuwa na kiu. Mimi nilikuwa na kiu. Papa mwenyewe alikuwa na kiu. Kila nyumba ilitoa mtu akatafute maji. Aliyepiga risasi njo aliua papa, siyo wewe. Halafu unyamaze. Asipojibu usimlazimishe. Utarudia baada ya wiki, na baada ya mwezi, juu neno moja haliwezi kungoa kitu kilichoota mizizi mwaka muzima.

Na kuhusu yule shangazi. Sitazunguka: kusema mtoto ako na “kitu ndani yake” ni kumshitaki ulozi, na ni kosa mbele ya sheria. Katiba yetu ya 2006, kwenye article 41, inakataza kushitaki mtoto ulozi, imeandikwa wazi pamoja na kutupa mtoto na kumtesa. Na sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inaweka kifungo cha mwaka moja mpaka mitatu kwa anayefanya hivyo, na amande (faini) juu yake. Najua utasema tribunali siku hizi zenyewe ziko wapi. Ni kweli. Lakini sikuambii umpeleke shangazi yako jela, nakuambia ujue kama uko na kitu cha kushika mkononi wakati mzee moja wa jamaa, yule anayesikilizwa, atakuwa anamwambia kwa upole: mama, hilo neno ulilosema usilirudie tena ndani ya hii nyumba. Tafuta huyo mzee. Na mtu akikuambia mpeleke mtoto kwenye chumba ya maombi akafungiwe siku tatu bila chakula ili “kitu” kitoke, kataa, ata akiwa pasteri, ata akiwa baba mkubwa mwenyewe. Uliza wale maibobo (watoto wa barabarani) unaowaona Birere wanalala chini ya meza za soko walianzaje. Siyo wote walitoka nyumbani juu ya njaa. Wako waliotoka juu ya sentensi kama ile ya shangazi yako.

Masomo sasa. Usimwambie aache Kituku leo, atasikia kama unamkataza kulipa. Mwambie zile faranga ni nyingi, zinasaidia, asante (umewahi kumwambia asante kweli? sikushitaki, nauliza tu), lakini kazi ya kuleta chakula ni ya wewe na yule wa miaka 16, yeye tunampa Jumamosi tu. Ako bado primeri, na primeri kwenye masomo ya serikali ilitangazwa bure tangu Septemba 2019, tunajua wote kama “bure” ya Congo inakujaga na kamfuko kadogo pembeni, lakini ni kitu ya kusimamia ukienda kuongea na direkteri. Enda wewe mwenyewe, usimtume yeye. Mwambie direkteri ukweli, mtoto huyu papa alikufa, amekosa mwaka, hatajibu ukimwuliza swali kwa klase. Mwalimu akijua atamvumilia. Mwalimu asipojua atamwita mjinga mbele ya wenzake na kesho utamkuta tena Kituku.

Sasa tuje kwa kugawa.

Nitakuambia kitu ambacho sikuwahi kuandika hapa. 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, nilikuwa na miaka 9. Lava ilipita katikati ya muji mpaka kwenye ziwa, nyumba yetu ilikuwa kwenye njia yake. Tulilala Gisenyi kwenye veranda ya watu, tukarudi, hakukuwa na kitu cha kurudia, moshi tu na mawe ya moto. Wazazi hawakuwa na namna. Wakatugawa: mi Bukavu kwa mama mdogo, kaka yangu Beni kwa mjomba, wadogo wakabaki nao. Na mama mdogo alinilea vizuri, sitaki mtu afikiri nalalamika, nilikula, nilisoma, alininunulia kanzu ya komunyo. Lakini hakuna mtu kwenye ile nyumba aliyejua kama ngurumo ya mvua ilikuwa inanitoa jasho mpaka mgongoni, juu hakuna aliyekuwa nami ile usiku. Kaka yangu alikuwa anajua. Kaka yangu alikuwa Beni. Tulionana tena baada ya miaka mitano, kwenye harusi ya shangazi, akanipa mkono akaniambia “bonjour”. Bonjour! Mtu tulilala kitanda kimoja. Tulichukua miaka mingi sana kutoka kwenye ile bonjour.

Kwa hiyo ukiniuliza “niwaachie?”, jibu langu haliko la mtu wa kati, ujue hivyo unaposoma. Sisemi mtoto kulelewa na jamaa ni vibaya. Hii Kivu yetu isingekuwa na mtu mzima ata moja mwenye akili timamu kama mashangazi na makoko (babu na bibi) hawangefungua milango, 1994 walifungua, 2002 walifungua, 2012 walifungua, na juzi juzi tumeona nyumba ya vyumba viwili inalala watu kumi na nane. Ninachokataa ni kugawa watoto kama nyama ya mbuzi ya sikukuu, mguu huku kichwa kule, bila kumwuliza mtoto, bila telefone, bila siku ya kurudi.

Kuna mwanamke moja mtafiti, Emmy Werner, yeye na wenzake walifuata watoto 698 waliozaliwa mwaka wa 1955 kwenye kisiwa cha Kauai, kule Hawaii. (Ukisikia utafiti usikimbie, hii ni hadithi ya watu maskini kama sisi, wazazi wengi walikuwa wanafanya kazi kwenye mashamba ya miwa na mananasi.) Waliwafuata kutoka tumboni mpaka wakawa watu wazima na watoto wao. Wale waliokulia kwenye shida zilizopandana, umaskini juu ya ugomvi juu ya ulevi juu ya ugonjwa, wengi walipata matatizo kweli, hakuna kudanganyana. Lakini kama moja kwa watatu alikua vizuri tu, mtu wa kazi, mtu wa watu. Na walipoangalia hawa walikuwa na nini, kitu moja kiliyorudi tena na tena ni kwamba kila moja alikuwa na ata mtu moja aliyemshika na hakumwachilia. Siyo lazima mama. Koko, shangazi, mwalimu, jirani, yaya. Yaya! Sikuongeza hiyo juu yako, ndugu wakubwa wako ndani ya hesabu.

Ndiyo maana kwenye kikao usibishane na baba mkubwa kama uko na nguvu au hauna. Hauna, na yeye anajua, na atashinda. Wewe mwulize kwa heshima: baba, huyu wa miaka 6 akienda Bukavu, nani kule anajua kama anahesabu viatu? Huyu wa 11 akienda Masisi, kwenye vita haijaisha, nani kule atamwambia siyo yeye aliyeua papa yake? Na huyo wa Bukavu, ndiye yule shangazi aliyesema lile neno? Haukuandika. Kama ni yeye, hakuna cha kuzungumza.

Kisha uwape kitu cha kufanya, juu jamaa wasipopewa kazi watajitafutia yao. Baba mkubwa alipe minervali (feza ya masomo) ya huyu wa miaka 16, ni ya sekondari, haiko bure. Shangazi ya pili achukue mdogo likizo, wiki mbili, anaenda na anarudi, tarehe inajulikana. Moja atume gunia ya unga kila mwezi. Wengine watajificha, utaona. Lakini wengine wanasubirigi tu mtu awaambie kitu kidogo chenye kipimo, juu “saidia mayatima” ni mlima na “leta unga tarehe tano” ni unga. Na kama mwisho lazima moja aende, aende yule wa miaka 16, ambaye ako na telefone na anaweza kukuambia akiteswa, na aende baada ya kuulizwa yeye mwenyewe.

Parseli: usisaini. Ata karatasi nyeupe, ata “ya kuhesabu tu vitu vya marehemu”. Kode ya jamaa (sheria ya familia) ya 1987, ile iliyorekebishwa 2016, inaweka watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza, robo tatu ya mali ni yenu, na ndugu za papa wako nyuma yenu. Kusoma watoto kwa kuuza nyumba wanayolala ni hesabu ambayo sijawahi kuiona ikitoka vizuri, na hapa Goma tangu banki zifungwe Januari 2025 watu wanauza kwa bei ya kulia. Karatasi za parseli, karatasi ya kifo, karatasi za kuzaliwa za watoto, piga picha zote leo, tuma kwa watu wawili unaowaamini. Zile za asili zitoke nyumbani, weka kwa mtu ambaye hayuko wa jamaa. Uko na miaka 20, uko mtu mzima mbele ya sheria, unaweza kusimama ukasema mi njo nalea, na chefu wa avenyu awe shahidi yako.

Sasa viatu.

Usimkataze kuhesabu. Nilicheka kidogo halafu nikalia, juu ni kazi ya akili sana ile. Mtoto aligundua kama watu wanaweza kutoka wasirudi, akatafuta namna ya kujua mbele ya kufunga macho. Usiku wa 22 Mei 2021, volkano ya pili hii yetu, watu walikimbia giza wengine Sake wengine Rwanda, na asubuhi UNICEF ilisema zaidi ya watoto 150 wametengana na wazazi wao. Wewe ulikuwa mkubwa, unakumbuka zile sauti za wamama wakiita majina barabarani. Kuhesabu ndiyo kitu wamama wote wa Goma wanafanyaga ata sasa, mi pia, nikiingia ndani nahesabu vichwa. Wa kwenu anahesabu viatu juu viatu viko kwenye urefu wake.

Basi hesabu naye. Ifanye iwe ya nyumba muzima: moja, mbili, tatu, nne, wote wako, mlango unafungwa. Dakika moja. Ukichelewa na makala, mwambie kabla, “leo viatu vyangu vitaingia baada ya wewe kulala, kaka atavihesabu, asubuhi utavikuta”, na asubuhi avikute. Siku utakayomdanganya kwenye hili utaanza tena kwenye sifuri. Kukojoa kitandani kwa mtoto aliyepita kwenye masasi ni kitu ya kawaida kabisa, mwili wake usiku bado unakimbia. Usimwanikie godoro nje mbele ya watoto wa jirani. Nailoni chini ya shuka, amsha akojoe mbele ya wewe kulala, usiseme kitu. Ikiendelea muda mrefu au akisikia maumivu, mpeleke santre ya sante (kituo cha afya), inaweza kuwa tu ugonjwa wa mkojo.

Na wewe. Tafuta mtu moja ambaye kwake uko mtoto. Mama wa kwaya, mwalimu wako wa zamani, jirani mwenye mbabula (jiko la makaa) yake karibu na yako. Mara moja kwa wiki enda ukae kwake, usisaidie kupika, ukae. Mwachie wa miaka 16 nyumba kwa masaa matatu, anaweza. Sheria utasoma, sisemi mwaka huu. Diplome yako ya 61% haiozi, ila iweke mbali na mandazi.

*

Yaya jambo. Miye nilikuwaka motari, sasa niko ku karyeri kule Rubaya, nachimba, mwaka ya tatu ile. Bibi yangu tuliachana, mutoto wetu iko na miaka 8, iko kwa bazazi yangu pale Kyeshero. Kila mwezi natuma feza ku telefone, sikosake. Sasa ile nilifika ku Noeli, mutoto alinipatia mukono kama vile anasalimia pasteri, akaenda kujificha nyuma ya koko yake. Na koko njo anaitaka “papa”. Miye ananiita “papa wa Rubaya”. Ile usiku sikulala. Nilimuletea velo (baiskeli) mupya, akasema merci, akaiacha pale ku ukuta. Bandugu banasema nimutoe kwa bazee nikae naye uku. Bengine banasema nimuchape kidogo ajue baba yake ni nani. Nifanye aje?

Ndugu yangu, pole na ule usiku. Lakini sikiliza kwanza hilo jina vizuri: papa wa Rubaya. Mtoto huyu ameonewa na maisha miaka mitatu mpaka siku hii, angeweza kukuita tonton (mjomba), angeweza kutokuita kabisa. Amekupa jina la papa na adresi yako juu. Nafasi yako iko, imeandikwa, ni wewe tu hauko ndani.

Mtoto anashikamana na anayemwona. Haichagui damu, inachagua yule aliyemfuta makamasi akiwa na homa saa nane ya usiku. Hiyo ni koko yake, na ushukuru Mungu ni yeye, juu ungekuta hajishiki kwa mtu yeyote ndipo ningekuambia kuna hatari. Neno “papa” usiligombanie na mzee wako, mtoto anaweza kuwa na wawili, mdomo wake haupungukiwi kitu.

Kumtoa kumpeleka karyeri, hapana. Mwenyewe unajua kule kuna nini, mashimo, pombe, watoto wa umri wake wanaosha mawe. Na utamkata kwa yule moja aliyenaye ili uanze wewe na sifuri. Kumchapa ndiyo kabisa, atajifunza kwamba kila Noeli kuna mtu anatoka mbali kuja kumpiga.

Feza unatuma, vizuri, wengi hawatumi, lakini mtoto wa miaka minane haonagi feza, anaona koko anaenda kununua unga. Anachoweza kuona ni sauti. Chagua siku moja, tuseme siku ya Mungu jioni saa kumi na mbili, piga. Rezo ikikosekana tuma odio asubuhi. Usiulize “unasoma vizuri?”, hilo ni swali la pasteri, ndiyo maana anakupa mkono ya pasteri. Uliza koko alipika nini leo. Uliza jino gani linacheza, miaka minane mara nyingi kuna jino linacheza. Na siku ya Mungu inayofuata umwulize: lile jino la juu lilitoka? Hapo atanyamaza kidogo kwenye telefone. Ni mshangao. Anajiuliza huyu mtu alikumbukaje.

Sasa velo. Ndugu yangu, velo kwenye yale makoro ya Kyeshero! Mtoto ambaye hajui kuendesha, kwenye mawe ya lava, bila mtu wa kushika nyuma, ni kwenda kung'oa yale meno yote kwa siku moja. Hakuikataa velo. Anaogopa kuanguka mbele yako. Ukirudi, mwambie tarehe mapema na uishike, na ukifika usilete kitu kingine, chukua ile ile velo pale ukutani, nendeni asubuhi kwenye lami watu bado wachache, na ukimbie nyuma yake umeshika kiti. Utachoka wewe mbele yake. Kama tarehe itakushinda juu njia imefungwa au nini, mpigie mbele ya ile siku, siyo baada.

*

Yaya, bwana yangu alikufa mwaka jana. Mtoto wetu msichana ana miaka 5, tulimwambia papa ako safari Kinshasa. Sasa kila mtu akibisha mlango anakimbia kufungua. Juzi aliniuliza: papa alinikasirikia njo maana harudi? Nimwambie, ao nisubiri akue?

Mwambie, mama. Leo jioni, ukiwa umekula na yeye amekula, siyo ukiwa unakimbilia soko.

Najua mlifanya kwa huruma, na wazee wetu wengi wanasema mtoto hafai kusikia kifo. Lakini yeye tayari anatafuta sababu, na sababu aliyoipata ni yeye mwenyewe. Tumia maneno mafupi: papa alikufa. Mwili wake uliacha kufanya kazi, hapumui, hasikii njaa, hawezi kurudi ata akitaka. Hakukukasirikia. Alikupenda. Tulikuambia safari juu tuliogopa kulia mbele yako, tulikosea. Usimwambie papa “amelala”, ataogopa kulala, wala “Mungu alimpenda sana akamchukua”, atajiuliza Mungu anampenda nani kesho. Mambo ya mbinguni unaweza kumwambia kama njo imani yenu, lakini baada ya kusema amekufa, siyo kwa pahali pake.

Ukilia, lia. Mwonyeshe mtu analia halafu anapangusa uso na anaenda kuwasha mbabula. Kaburi kama liko karibu na njia iko salama, mpeleke, achukue ua mwenyewe.

Labda atasikiliza, halafu aombe chai, halafu aende kucheza kama hakusikia kitu. Ni hivyo watoto wa miaka mitano wanavyomezaga jambo kubwa, kidogo kidogo. Na kesho mlango ukibishwa atakimbia tena kufungua, akurudie akuulize tena kama papa anakuja. Usiseme “si nilikuambia jana”. Mjibu tena yale yale.